Helene Schjerfbeck hakusubiri barua ya kustaafu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Msanii afikishe umri gani ndipo apumzike?" Swali limenichekesha, maana ni kama vile msanii ana ofisi ya utumishi inayomhesabia miaka. Jibu langu ni mama mmoja wa Ufini, Helene Schjerfbeck.

Alizaliwa Helsinki mwaka 1862. Akiwa na miaka 4 alianguka kwenye ngazi akaumia nyonga, na tangu hapo akawa anachechemea. Akiwa na miaka 11 tu alishaingia shule ya uchoraji ya Chama cha Sanaa cha Ufini. Baadaye akaenda Paris, na picha yake ya mwaka 1888 ya mtoto aliyeanza kupata nafuu ikapewa medali ya shaba kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1889. Wengi wanampendea hiyo. Ni nzuri, sikatai, ila naona wapo wengine waliosomea Paris ambao wangeiweza.

Mwaka 1902 alihamia Hyvinkää, mji mdogo, akaishi na mama yake. Onyesho la kwanza la kazi zake peke yake lilikuja 1917, ana miaka 55! Kufikia hapo mkono wake ulikuwa umeshabadilika. Rangi alikuwa akiipaka, kisha anaikwangua mpaka nyuzi za turubai zinaonekana, na uso wa mtu unabaki mistari michache tu.

Sasa njooni 1944. Vita haijaisha, yeye ana miaka zaidi ya 80, mgonjwa. Gösta Stenman, mfanyabiashara wa picha aliyekuwa akimuuzia kazi zake, akamshawishi ahamie hoteli moja ya Saltsjöbaden, karibu na Stockholm. Kule chumbani alijichora mwenyewe mara zipatazo 20. Itazameni ile yenye doa jekundu mdomoni: uso umepauka, na rangi iliyokolea ni hilo doa tu. Katika zilizofuata nyama inazidi kupungua usoni hadi unaanza kuliona fuvu. Hakujipamba hata kidogo, wala hakutafuta huruma ya mtu.

Alifariki hukohuko Januari 1946, na miaka yake 83. Angeweka brashi chini kwenye 60, kama karani wa serikali, picha hizo zisingekuwepo, na kwangu mimi hizo ndizo kazi zake kubwa kuliko zote.