Mipangilio ya Git ili kiraka kisomeke kwa mkaguzi, si kwako tu

Mkuu, umeuliza kwa nini mkaguzi analalamika kwamba viraka vyako vya Python (faili za mabadiliko ya msimbo unazomtumia kwa barua pepe) havieleweki, wakati kwenye terminali yako kila kitu kimenyooka. Ni kwa sababu mipangilio mingi ya Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, huishia kwenye mashine yako. Rangi hazisafiri na barua pepe. Anza na ile inayobadilisha kiraka chenyewe.

git config --global diff.algorithm histogram

Kanuni ya kawaida ya kulinganisha matoleo mawili ya faili, Myers, hutafuta njia yenye mistari michache zaidi ya kufuta na kuongeza. Ndiyo maana huoanisha mistari mitupu na mabano ya kufungia yasiyo na undugu wowote, na funksheni mpya huonekana imekatwakatwa ndani ya ile ya zamani. Histogram hushika kwanza mistari isiyojirudiarudia.

Kisha tengeneza faili .gitattributes kwenye mzizi wa ripo (hifadhi ya mradi) na uikomiti (uihifadhi kwenye historia yake), ili timu nzima iipate:

*.py diff=python

Huu mstari mmoja watu wengi hawaujui, nao ndio wenye faida kubwa kuliko yote. Bila huo, kichwa cha kila kipande cha kiraka, yaani mstari unaoanza na @@, huchukua mstari wa karibu juu yake ulioanza na herufi bila nafasi mbele. Kwenye Python mara nyingi huo ni wa klasi:

@@ -120,7 +120,9 @@ class Malipo:

Klasi ina metodi 40. Mkaguzi atajuaje ni ipi? Ukishaweka, anaona:

@@ -120,7 +120,9 @@ def hesabu_riba(self):

Weka pia format.useAutoBase iwe whenAble, ili kiraka kitaje komiti kilichojengwa juu yake. Usiweke true: tawi lisilo na upstream (tawi la mbali linalolifuata) litafanya format-patch, amri ya kutengeneza viraka, igome kabisa.

Ukituma toleo la pili, usimlazimishe mtu asome upya yote. Kabla ya kugusa rebase (kupanga upya komiti zako), hifadhi la kwanza kwa git branch malipo-v1, halafu amri hii itaweka kwenye barua ya utangulizi tofauti kati ya matoleo mawili:

git format-patch -v2 --cover-letter --range-diff=malipo-v1 origin/main

Kama msingi wa tawi umehama, jina moja halitoshi. Andika masafa kamili, msingi-wa-zamani..malipo-v1.

Kwa upande wa kusoma, diff.colorMoved ikiwa dimmed-zebra hufifisha rangi ya msimbo uliohamishwa bila kubadilishwa, na diff.colorMovedWS ikiwa allow-indentation-change huutambua hata ukisogezwa ndani. Bendera ya -w, inayopuuza tofauti za nafasi tupu, ni ya kusomea pia. Kiraka kilichotolewa na git diff -w kinaweza kukataa kuingia, maana mistari ya muktadha hailingani tena na faili.

Na kama uliwahi kuwasha diff.noprefix ili unakili njia za faili kwa urahisi, izime. Matokeo ya git diff hukosa a/ na b/, mwenzako akiendesha git apply ili kuingiza kiraka inakata kipande cha kwanza cha njia, na anaambiwa faili haipo. Aliyekwisha kupokea kiraka cha hivyo atumie git apply -p0, ili njia isikatwe.