Hilo neno liache kwa saluni

Shangazi yangu alitoka Mombasa akaja kunitembelea hapa Nyalenda, Kisumu, jioni akasimama mlangoni akamuita jirani yangu kwa sauti, "Shoga, njoo tunywe chai!" Yule mama alikuwa ameshika beseni la nguo, akanyamaza tu. Pwani wanawake wanaitana shoga tangu zamani, ni rafiki wa karibu, lakini huku wengi wanalijua kama tusi la mwanaume anayependa wanaume. Ilibidi nieleze na chai ikanyweka.

Kosa langu mimi lilikuwa kubwa kuliko hilo. Niko na rafiki anasuka nywele Kondele, na yeye na wenzake wanaitana kuchu, yaani mtu wa mapenzi ya jinsia moja, neno ambalo pia wenzao wa Uganda wanatumia sana. Nilikuwa nalisikia kwao nikalipenda, linatoka na kicheko, unaona kabisa mtu amepumua. Sasa siku moja nikampata kwa matatu ya Kibuye na kwa furaha nikaita, "Kuchu wangu!" Makanga akageuka akauliza hiyo ni nini. Rafiki yangu akaangalia dirishani, stage iliyofuata akashuka na haikuwa yake. Wiki tatu hakushika simu zangu.

Na alikuwa na haki, juu kifungu cha 162, kile kinachotumika dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, bado kiko kwa sheria zetu za Kenya, kinaenda hadi miaka 14 jela, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, na hata kabla ya polisi kuna landlord na kuna watu wa plot.

Zamani mimi pia nilikuwa nasema hizi lugha zao ni kujishaua tu. Halafu nikasoma kuhusu Polari, lugha ya siri ya wanaume wa Uingereza wanaopenda wanaume, waliokota maneno kwa mabaharia, watu wa maigizo, Kiitaliano, Kiromani, bona ni nzuri, omi ni mwanaume, vada ni tazama, kwa hivyo wawili wangekaa baa wamsifie mtu na meza ya pili isishike kitu. Hiyo ni wakati mapenzi yao yalikuwa jinai, England na Wales hadi 1967. BBC ikaiweka kwa vichekesho vya redio miaka hiyo hiyo ya 60, nchi nzima ikaisikia, siri ikaisha na lugha ikafifia. Afrika Kusini wako na lugha yao kama hiyo, Gayle, polisi anaitwa Priscilla. Nikaelewa basi, hiyo ni nyumba watu wamejijengea kwa maneno.

Kwa hivyo ukikaribishwa humo sikiliza kwanza, usikimbilie kutumia neno lao ndio uonekane wa ndani. Muulize mkiwa wawili anapenda aitwe nini, wengine hawataki hilo neno kabisa hata wakiwa wenyewe, na mbele ya watu tumia jina lake. Na wewe mzazi ukisikia mtoto na marafiki zake wanaongea hivyo chumbani, tafadhali usiingie kuuliza maana.

Alinisamehe, nilienda mwenyewe saluni nikangoja mteja wa mwisho atoke, akazima draya akaniambia, "Hilo neno nimekuruhusu, lakini humu ndani." Siku hizi nikimuona stage namuita kwa jina, ananipungia mkono, anaingia matatu, anashuka kwake.