Presha 158/102 na miaka 38, nianze vidonge au nisubiri? Jibu la dereva wa malori aliyeacha dawa akajuta

Mkuu uzi wako nimeusoma mara mbili. Umepimwa siku mbili tofauti ikaja 158/102 halafu 154/100, una miaka 38, umeandikiwa amlodipini ya miligramu 5, kile kidonge cha presha, huumwi popote, na nyumbani wanakwambia usianze vidonge maana ukianza ndo basi tena mpaka kaburini, kunywa kwanza maji ya kitunguu saumu na limau. Nakujibu kwa kirefu maana mi nilikuwa hapo hapo ulipo wewe leo, nikachagua vibaya, na nusura nipoteze mkono wa kulia ambao ndo unanilisha.

Mi ni dereva wa lori, njia yangu Dar kwenda Tunduma, mara nyingine navuka Zambia. Mwaka 2017 tuko foleni ya mpakani siku ya tatu hatujasogea, wakaja wahudumu wa afya wanapima bure, nikaenda kukaa kwenye kiti kupitisha muda tu. 172/108. Nesi akarudia mkono wa pili ikaja karibu hiyo hiyo. Nikamwambia mama hiyo mashine yako mbovu, mi kichwa hakiniumi wala sisikii kizunguzungu, akanijibu taratibu kabisa, "baba, presha haipigi hodi." Hilo neno sijalisahau mpaka leo.

Nikaanza na hayo hayo maji ya saumu, limau na tangawizi, miezi miwili kila asubuhi bila kukosa. Nikapima, 168/106. Saumu sio mbaya mkuu, naila mpaka leo na inasaidia kidogo, lakini kidogo chenyewe ni cha pointi chache, sio cha kuitoa namba ya juu kwenye 168 kuipeleka 130. Ndo nikaanza vidonge. Baada ya miezi mitatu nikapima 128/82, nikafurahi sana, nikajiambia nimepona, nikaacha. Dokta alikuwa ameshaniambia usiache bila kuniona lakini nilisikia ninachotaka kusikia.

Miezi nane baadae nimelala gesti Mafinga, naamka saa kumi na moja alfajiri tuondoke, naokota funguo mezani zinaanguka, naokota tena zinaanguka, vidole havishiki. Naongea na utingo wangu maneno yanatoka yamelegea, yeye akadhani nimekunywa. Akamulika tochi ya simu usoni akaona mdomo umeenda upande. Baada ya dakika kama 20 hivi kila kitu kikarudi, mkono sawa, mdomo sawa, na mimi nataka tuwashe gari twende maana mzigo una tarehe! Yule kijana akaficha funguo. Umri wake miaka 23 na alinizidi akili siku ile, namuombea kila siku. Hospitali wakakuta 204/118. Dokta akanieleza kile kilikuwa kiharusi cha kupita, damu imeziba ubongoni kidogo ikafunguka yenyewe, na mtu akipata kile hatari ya kupata kile kikubwa cha kupooza ni siku chache zinazofuata, kwa hiyo ningewasha gari ile asubuhi ningeweza kupoozea kwenye usukani na tani 30 nyuma yangu. Vipimo vikaonyesha ukuta wa moyo umeanza kuwa mnene na figo zimeanza kuchoka. Sijawahi kuumwa kichwa kwa ajili ya presha hata siku moja mkuu, hata siku ile.

Sasa hilo la ukianza huachi. Wewe sijui kama ushawahi kushuka mlima wa Kitonga na gari lenye mzigo. Unashuka na gia ndogo, gari linatulia, linatambaa. Limetulia kwa sababu ya gia. Sasa uone limetulia ukatoa gia ukaweka frii, si ndo nilichofanya mimi? 128/82 yangu ilikuwa ni dawa inafanya kazi, mi nikaiita kupona. Na dawa ya presha haina ulevi, sio kwamba mwili unaizoea ndo maana huachi, huachi kwa sababu kilichokuletea presha bado kipo, iwe ni kurithi, uzito, chumvi au mishipa yenyewe ilivyokaa. Wapo wanaopunguziwa dozi, wachache hata kuachishwa, wakishapungua uzito na kubadilisha chakula, ila anayepunguza ni dokta akiwa na namba zako mkononi, sio wewe kwa kujisikia vizuri.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyekugusia, hebu jiulize unameza nini kingine. Pale hospitali niliulizwa hivyo nikasema sinywi chochote. Yule dokta kijana akang'ang'ania, hata dawa za maumivu? Ee, diklofenaki, mgongo unaniuma kwa kukaa, nameza mbili kwa siku, mwaka wa tatu. Dah akaweka kalamu chini. Diklofenaki na ibuprofeni zinapandisha presha, zinazuia mwili kutoa chumvi na maji, na zinaumiza figo, na sisi madereva tunazinunua duka la dawa kama pipi. Niliziacha siku ile ile. Mgongo nautuliza kwa panadol za kawaida, sio zile za kuyeyusha kwenye maji maana zile zina sodiamu nyingi, ile ile iliyo kwenye chumvi, na mazoezi niliyofundishwa ya kunyoosha mgongo. Kama unatumia hizo mwambie dokta wako kabla ya yote.

Kuhusu dawa zenyewe kukusumbua, ni kweli zinaweza na usiogope kusema. Mi amlodipini ya 10 ilinivimbisha miguu, jioni viatu haviingii, nikajua figo ndo basi, kumbe ni dawa inalegeza mishipa maji yanashukia chini. Wakanirudisha 5 wakaongeza losatani 50, dawa nyingine ya presha, uvimbe wa miguu ukaisha. Kabla ya hapo walijaribu kuniwekea kidonge cha kukojoza, dawa nzuri na rahisi, ila kwa mtu unayeshinda njiani na huwezi kusimama ovyo ni mtihani, nilikuwa naviruka siku za safari bila kumwambia mtu. Nilipomwambia ukweli akabadilisha, hakunigombeza. Kwa hiyo ukiona kidonge hakikukai usikiache kimya kimya, rudi ubadilishiwe, zipo aina nyingi. Losatani inataka upimwe figo na potasiamu kila baada ya muda, na dada zangu mnaosoma hapa, ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto losatani na zile za jamii ya enalapili sio zako, mwambieni dokta mapema.

Na lile uliloliandika kwa kuzunguka zunguka, la nguvu za kiume. Nakujibu wazi. Presha yenyewe isiyotibiwa inaharibu mishipa midogo, na ile ya huko ni midogo kweli, inaharibika mapema. Zipo dawa baadhi zinaweza kuchangia, hasa zile za kukojoza na baadhi ya zile za kupunguza mapigo ya moyo, ukiona hivyo sema ubadilishiwe. Mi kwenye amlodipini na losatani sijaona shida, mke wangu shahidi.

Haya, chakula. Hapa ndo nilipojifunza kitu nataka ukifanye leo jioni. Kila mtu anakwambia punguza chumvi, ila unapunguza kutoka ngapi? Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Sisi nyumbani tuko watano. Nilichukua paketi mpya ya chumvi ya nusu kilo, nikaandika tarehe kwa kalamu juu yake, sikumwambia mtu. Iliisha siku ya 9. Piga hesabu, gramu 500 kwa siku 9 kwa watu watano, kila mtu anakula gramu 11 kwa siku, na hapo sijahesabu mkate, soseji wala chipsi za njiani! Nilimwonyesha mke wangu ile hesabu bila kumlaumu maana kapika alivyofundishwa na mama yake kama mimi nilivyozoea kula, akashtuka kuliko mimi. Sasa hivi paketi inakaa mwezi na siku kadhaa. Wiki tatu za mwanzo chakula kilikuwa hakina ladha kabisa, watoto walinuna, ya nne tukazoea, na leo nikila chakula cha sherehe nakiona ni chumvi tupu.

Ila chumvi ya kijiko ndo nusu ya stori. Vile viungo vya mchuzi vya paketi ni chumvi, angalia nyuma ya paketi utaona imekaa juu juu kwenye orodha. Magadi kwenye maharage, makande na mlenda ni sodiamu vile vile, watu wanasahau magadi kabisa, we loweka maharage usiku yataiva tu. Papa na ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, mimi ni mtu wa Tanga, hapo niliumia, sasa nakula mara moja moja baada ya kulowekwa na kumwagwa maji mara mbili. Unga wa kuyeyusha kwenye maji wa kiungulia, sodiamu. Na anayekwambia chumvi ya mawe ni ya asili haina shida anakupoteza, ni sodiamu ile ile, tena mara nyingi haijawekwa madini joto.

Njiani ndo kugumu. Nilikuwa nakula chipsi mayai na nyama choma, nanyunyizia chumvi kabla hata sijaonja. Sasa tuna jiko la gesi dogo kwenye gari, utingo wangu anapika, vitunguu tunachukua Ruaha Mbuyuni, nyanya Ilula, tunakaanga na pilipili, limau na binzari, ukiweka limau mwishoni ulimi unadanganyika kama chumvi ipo. Viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, mchicha, parachichi, maharage, hivi vina potasiamu inayosaidia mwili kutoa chumvi (ila kama figo zako zina shida kubwa uliza kwanza, potasiamu nyingi inaweza kuwa hatari). Pale tusipopika nina mama ntilie wangu Makambako, nampigia simu nikiwa Mafinga, ananitolea maharage yangu pembeni kabla hajatia chumvi. Nilimweleza sababu mara moja tu, na sasa ananiambia kuna madereva wengine wanne wanaagiza hivyo hivyo.

Vinywaji vya enaji nimeacha, nilikuwa napiga vitatu usiku mmoja kuzuia usingizi. Pombe pia nimeacha, sikuambiwa niache kabisa ila mi kupunguza siwezi najijua. Uzito kutoka kilo 104 mpaka 92, kwa kutembea tu, foleni ya Tunduma natembea nusu saa asubuhi, siku tano kwa wiki inakupa zile dakika 150 wanazosema. Na kama unakoroma sana usiku halafu mchana unasinzia, sema kwa dokta, kuna tatizo la pumzi kukatika usingizini linalopandisha presha, na kwa dereva linaua kwa njia mbili.

Nunua mashine, ya kufunga juu ya kiwiko, za kifundo cha mkono zinadanganya kirahisi. Mi yangu nilipata Kariakoo kwa elfu 75. Kama mkono wako mnene uliza mkanda mpana, mkanda mdogo unakupa namba kubwa kuliko ukweli. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini usiikunje, mkono mezani usawa wa moyo, umeshakojoa, hujanywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa iliyopita, usiongee. Pima mara mbili asubuhi kabla ya kidonge na mara mbili jioni, andika kwenye daftari, namba moja moja usizitolee roho. Mi saa ya kidonge ni alamu ya saa moja usiku, popote nilipo, na dozi ya wiki mbili ya akiba inakaa kwenye begi maana mpakani unaweza kupanga siku mbili ukakaa sita.

Ukiona 180/120 au zaidi na kifua kinabana, pumzi haitoshi, macho yanaona giza, mkono au mguu umelegea, maneno yanakatika, hapo hakuna kulala uone kesho wala kumeza vidonge vya jirani, ni hospitali muda huo huo. Hata vikiisha baada ya dakika 20 kama vya kwangu.

Namba zangu za wiki iliyopita zilicheza 124 mpaka 132 juu, 78 mpaka 84 chini. Figo hazijaendelea kushuka. Mwanangu wa kwanza ana miaka 19 nilimpima mwezi uliopita, 134/86, kwa hiyo na yeye sasa ana daftari lake.

Wewe kidonge kianze leo mkuu, na ile paketi ya chumvi iandike tarehe. Daftari lijaze siku saba uje uandike namba zako hapa hapa, mi ntakuwa Tunduma foleni, ntazisoma.