Tiketi ya kumpeleka mama India: tarehe ikisogea, nani ataibadilisha?

Mkuu, umesema mama ana maumivu ya nyonga na ana miadi ya hospitali Chennai mwezi ujao. Wakala wa mtaani kwenu amekutajia nauli iliyozidi ile ya kwenye tovuti ya shirika la ndege kwa laki na nusu hivi, na kuna tovuti nyingine ya kuuza tiketi iliyo chini ya wote wawili. Unauliza ukate wapi. Wengi hapo juu wamekujibu kwa kulinganisha bei. Mimi nimewapeleka wazazi wangu wote wawili huko, kila mmoja kwa wakati wake, na nakuomba bei uiangalie mwisho kabisa.

Mwaka 2018 nilimpeleka mzee. Nilikata kwenye moja ya hizo tovuti za bei ya chini, kampuni iko nchi nyingine kabisa, nikaokoa kama dola 40 kwa tiketi mbili. Kwenda tulikwenda vizuri. Tatizo lilikuja siku tatu kabla ya kurudi: daktari akasema kidonda hakijafunga, mgonjwa asubiri siku kumi na moja zaidi. Nikachukua bajaji hadi ofisi ya shirika la ndege palepale Chennai. Yule dada wa kaunta akaingiza namba yetu kwenye kompyuta, akasoma, kisha akanigeuzia skrini nione mwenyewe. Viti vipo, majina yapo, tarehe mpya ina nafasi. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba tiketi imetolewa na wakala, kwa hiyo wakala ndiye wa kuibadilisha, yeye hawezi kuigusa.

Nikaanza kumtafuta wakala. Simu iliita mpaka ikakata, usiku mzima. Barua pepe ilijibiwa na mashine, kwamba ombi langu limepokelewa na nitajibiwa ndani ya siku tano za kazi. Mimi nina siku tatu. Nyumba ya wageni tuliyokuwemo karibu na Greams Road ilikuwa na ukuta mwembamba, nikawa natoka nje kwenye ngazi kupiga simu ili mzee asisikie. Alikuwa anasikia. Asubuhi aliniuliza, "Mwanangu, tumekwama?" Jibu la wakala lilikuja ndege ikiwa imeshaondoka, tukahesabiwa kwamba hatukutokea. Nikanunua tiketi mbili mpya za kwenda tu. Zile dola 40 nilizilipa mara nyingi sana.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo wauzaji wengi hawakuelezi. Tiketi ina mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyeitoa. Ukinunua kwa shirika, shirika linaishika. Ukinunua kwa wakala, shirika linakubeba lakini mabadiliko, marejesho ya fedha, hata taarifa kwamba ndege imesogezwa saa, vyote vinapita kwa wakala kwanza. Fedha hurudi kwa njia ileile iliyoendea. Wakati wa korona 2020 watu wengi walilia kwa sababu hiyo: shirika linasema limerudisha, wakala anasema hajaona kitu, na wewe uko katikati.

Sasa turudi kwa mama yako. Safari ya matibabu karibu kila mara tarehe ya kurudi husogea. Hakuna daktari atakayekuhakikishia siku. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza yeyote anayekuuzia ni hili: nikibadili tarehe ya kurudi nalipa nini, na nampigia nani? Nauli ya chini kabisa mara nyingi hairuhusu kubadili, au inaruhusu kwa faini na tofauti ya nauli juu yake. Mwaka 2022 nilipompeleka mama nilikwenda kwenye ofisi ya shirika lenyewe hapa Dar na nikachukua nauli ya daraja la kati, iliyokuwa inaruhusu kubadili. Daktari akaongeza wiki. Nikapiga simu moja, nikalipa tofauti, tiketi mpya ikaingia kwenye barua pepe kabla chai yangu haijapoa.

Jambo la pili ni njia yenyewe. Air Tanzania huenda Mumbai moja kwa moja kutoka Dar, na kwa mgonjwa kukaa ndege moja ni nafuu kubwa. Lakini Chennai si Mumbai. Ukikata Dar–Mumbai huku, halafu Mumbai–Chennai kwenye shirika la ndani la India kwa tiketi nyingine, hizo ni safari mbili zisizojuana. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri na haikurudishii kitu. Halafu Mumbai ndege ya ndani inaweza kuondokea jengo jingine la abiria, na majengo hayo, la 1 na la 2, hayako pamoja, unatoka nje unakwenda kwa gari. Na utakuwa umeshapita uhamiaji na kuchukua mabegi yako. Kijana mwenye afya anaweza. Mama mwenye maumivu ya nyonga, sidhani. Kama utapita Mumbai, laleni usiku mmoja. La sivyo tafuta tiketi moja mpaka Chennai kupitia Doha au Dubai, mabegi unayakuta mwisho wa safari na ukikosa ndege ya kuunganisha kwa kosa lao, kukufikisha ni jukumu lao. Hizi tovuti za bei ya chini hupenda kuunganisha mashirika mawili yasiyohusiana na kuandika kama safari moja. Soma vizuri kabla ya kulipa.

Usinielewe kwamba nachukia mawakala. Mwaka jana ndugu yetu alifariki Muscat, tukapata habari saa tatu usiku. Familia ilitaka watu watatu wafike kabla ya mazishi. Mimi na hizo tovuti tulishindwana: kadi ya benki ilikataa mara mbili kwa sababu ya kikomo cha malipo ya siku, na nauli ikawa inapanda kila nikifungua upya. Nikampigia kaka mmoja mwenye ofisi ndogo Kariakoo, ngazi ya pili juu ya duka la vitambaa. Alifungua mfumo wake akiwa nyumbani, akavishika viti vitatu kwa majina yetu bila senti moja, akasema, "Mnayo mpaka saa sita mchana kesho, kusanyeni." Tukachanga kwa simu usiku kucha. Asubuhi saa nne tiketi zilikuwa tayari. Shilingi elfu hamsini aliyochukua kwa kila kichwa nililipa kwa moyo mweupe.

Huyo ndiye wakala ninayemtetea: ana ofisi unayoweza kuingia, anapokea simu usiku, na anajua masharti ya nauli bila kubabaisha. Nauli yenyewe huwa imepangwa na shirika, hiyo laki na nusu ya wako huenda ni ada yake kwa tiketi mbili, au amekupa daraja la nauli lenye kuruhusu kubadili. Muulize ni ipi kati ya hizo. Akijibu kwa ufasaha, mimi ningempa kazi. Akikujibu "usijali bosi, kila kitu kiko sawa", ondoka.

Na usikubali kutoa fedha yote ukapewa karatasi tu. Kuna jirani yetu alifika Terminal 3 na karatasi nzuri yenye jina lake, tarehe, na namba ya bukingi ya herufi na tarakimu sita. Ilikuwa nafasi iliyoshikwa tu, haijalipiwa, na muda wake ulishapita. Namba sita si tiketi. Tiketi ina tarakimu 13, tatu za mwanzo ni za shirika: 197 Air Tanzania, 157 Qatar Airways, 176 Emirates, 071 Ethiopian. Ukiwa bado umekaa ofisini kwa wakala, fungua tovuti ya shirika kwenye simu yako, weka ile namba sita na jina la ukoo, uone safari yako na namba ya tiketi. Hapohapo hakiki majina herufi kwa herufi na pasipoti. Jina likikosewa na mkagundua siku ileile, mara nyingi wakala anaweza kuifuta na kutoa nyingine. Kesho yake ni hadithi nyingine. Mwambie pia aweke namba yako ya simu na barua pepe yako kwenye bukingi, asiweke zake peke yake, ili ndege ikisogezwa ujue wewe.

Kwa mama yako, kwa hiyo: ofisi ya shirika lenyewe, au huyo wakala wa mtaani akipita maswali hayo. Ile tovuti ya tatu iache, hata ikishuka zaidi.

Halafu kiti cha magurudumu. Ni bure, lakini kiombwe mapema, saa 48 kabla ya safari au zaidi, na kiombwe kwa safari ya kwenda na ya kurudi. Anayekuandikia lazima aeleze aina. Kuna cha mtu anayeweza kupanda ngazi ila hawezi kutembea mbali, kuna cha asiyeweza ngazi, na kuna cha anayehitaji kubebwa mpaka kwenye siti yake. Ikiandikwa vibaya mtasimamishwa chini ya ngazi za ndege mkitazamana. Na kama atafanyiwa upasuaji, ombeni barua ya daktari ya kuruhusu kusafiri kwa ndege kabla hamjaruhusiwa kutoka hospitali.

Niambie mama anapanda ngazi au hawezi, na miadi ni tarehe ngapi. Nikijua hayo nitakuandikia maneno ya kumwambia mtu wa kaunta.