Alitunyamazisha kwa Kidole, Leo Ndiye Namba 9 Wetu

SWALI: Shikamoo Mzee wa Jukwaani. Misimu 3 iliyopita mshambuliaji wa mahasimu wetu alitufunga dakika ya 89, akaja mbio hadi upande wetu, akaweka kidole mdomoni: nyamazeni. Nilikuwa safu ya 4, niliona hadi jasho likimdondoka kidevuni. Picha ya kidole kile ninayo kwenye simu mpaka leo. Sasa klabu yangu imemsajili. Wenzangu wamesahau ndani ya siku moja, wanamwimba. Mwanangu wa miaka 9 ndiye kanimaliza: anataka jezi yenye jina la mtu huyo mgongoni. Nimnunulie? Na nikimzomea, nitakuwa nimekosea? – Baba Kinyongo

JIBU: Marahaba, Baba Kinyongo.

Hao wanaokuambia "mpira ni kazi" wanasema kweli, lakini ni kweli ya mchezaji. Mkataba wake una tarehe ya mwisho; wako wewe hauna. Kwa hiyo usione haya kwamba roho inakuuma.

Tena hujaanza wewe. Aprili 2009, Manuel Neuer akiwa kipa wa Schalke ya Ujerumani, timu yake iliifunga Bayern 1-0 mjini Munich. Kijana akatimua mbio hadi kwenye kibendera cha kona na kuigiza ushangiliaji wa Oliver Kahn, kipa aliyekuwa kipenzi cha Bayern. Kidole mdomoni kina nafuu! Miaka 2 baadaye Bayern hao hao wakawa wanamtaka, na jukwaa lao likainua karatasi zilizoandikwa "Koan Neuer", yaani Neuer hatumtaki. Akasajiliwa hivyo hivyo.

Kinachonivutia ni masharti ambayo iliripotiwa kwamba mashabiki wale sugu walimpa: asibusu nembo ya klabu, asiwarushie jezi, asilisogelee jukwaa lao. Wengi waliwacheka. Mimi niliwaelewa. Hawakumdai mapenzi, walimkataza tu kujifanya anayo. Maana kinachochefua kwa mchezaji aliyetoka kwa hasimu ni lile busu la nembo wiki ya kwanza, na porojo za "tangu utotoni niliipenda timu hii". Afunge mdomo, afunge mabao. Neuer alidaka. Mwaka 2013 walichukua Ligi ya Mabingwa, na 2017 akawa nahodha wao.

Kuna njia fupi zaidi, nayo ni kuwafunga wa zamani. Mshambuliaji Mo Johnston aliwahi kuichezea Celtic ya Scotland, na mwaka 1989 alikuwa amekwishatambulishwa kwamba anarudi, kabla hajageuka na kusaini kwa mahasimu wao, Rangers. Baadhi ya mashabiki wa Rangers walichoma skafu zao kwa hasira, na hapo mambo ya dini yalichangia kuliko mpira wenyewe: yeye Mkatoliki, klabu ya Waprotestanti. Novemba mwaka huo huo akaifunga Celtic bao pekee dakika za mwisho. Sisemi wote walilainika, ila ni vigumu kukaa kitako kwenye bao la namna hiyo.

Nami yalinikuta. Tulimchukua beki wa kati kutoka kwa watani, mtu aliyewahi kumvunjia winga wetu msimu mzima kwa teke moja. Miezi 2 sikumpigia hata kofi. Halafu mechi moja ya mvua, tunaongoza bao 1, akajirusha kuzuia shuti kwa uso. Akainuka, damu puani, wala hakumtazama daktari. Aliwageukia mabeki wenzake akiwafokea wapande juu. Nikajikuta nimesimama. Jirani yangu wa kiti akanitazama, nikasingizia miguu imekufa ganzi.

Kuhusu kuzomea: msalimie kwa kimya kama huwezi kumshangilia, hiyo ni haki yako. Lakini kumzomea akiwa ndani ya jezi yenu ni kuwapa wapinzani mchezaji wa 12 bure, na mpira wa kwanza atakaopoteza kwa woga utakuwa wenu nyote.

Jezi mnunulie mtoto, pamoja na jina. Siku ya kidole kile alikuwa na miaka 6. Kidonda ni chako, usimrithishe. Umsimulie ukipenda, tena na vitendo. Atacheka tu, kwa sababu kwake huyo ni namba 9 wa kwao.

Na ile picha ya kwenye simu usiifute. Mtakutana na mahasimu msimu huu, na akifunga atakimbilia jukwaa lao. Akiweka tena kile kidole mdomoni, utataka picha zote 2 uziweke pamoja.