Nilishangilia Mzungu kuangushwa ulingoni, na ndugu yangu katika imani alikuwa nyuma yangu

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullah. Sheikh wangu, mimi ni mtu mweusi na ni shabiki mkubwa wa ndondi. Huwa tunakusanyika ndugu wa msikiti mmoja kutazama mapambano. Miongoni mwetu yumo Mzungu aliyesilimu miaka minne iliyopita, mtu mpole, tukisali safu moja bega kwa bega. Usiku mmoja alipigana bondia mweusi na bondia mzungu. Yule mzungu alipoangushwa niliruka nikapiga kelele: "Mpige, walie wote, damu yao ni moja hao!" Kisha nikaandika maneno kama hayo kwenye kundi letu la simu. Sikukumbuka kwamba ndugu yetu amekaa nyuma yangu. Baadaye nikaambiwa kuwa hata yeye alikuwa upande wa bondia yule yule niliyemshangilia mimi. Tangu usiku ule haji kwenye vikao vyetu, na msikitini husimama mbali nami.

Nilimuuliza ustadhi mmoja, akasema sina kosa: sisi ndio tuliodhulumiwa, aliyedhulumiwa haitwi mbaguzi, na Qur'ani yenyewe imewataja waumini wakifurahia ushindi wa Warumi. Moyo wangu haukutulia. Marehemu baba yangu alifanya kazi chini ya Wazungu, akiitwa "boi" mpaka mvi zikamjaa kichwani. Kila ngumi ya bondia wetu naiona kama inamlipia yeye. Je, nina hatia? Na huyu ndugu nifanye naye nini?

JAWABU

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, barua yako imenikosesha usingizi, na si kwa sababu ya ulichokifanya wewe. Jibu ulilopewa nalisikia kila pambano kubwa linapokaribia, na linatoka vinywani mwa watu wanaosoma Qur'ani usiku na mchana.

Hukumu ya ndondi zenyewe sitaifungua hapa. Unajua kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kumpiga mtu usoni, na unajua kwamba Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu wa dunia iliyoko Makka, liliharamisha mchezo huu mwaka 1987. Hilo tulizungumze siku nyingine. Wewe umeniuliza habari ya moyo wako na ulimi wako.

Nianze na baba yako, maana naona ndiye aliyekaa katikati ya swali. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtu mzima mwenye mke na watoto kuitwa "boi" ni dhulma, na wewe kuumia kwa ajili yake ni katika wema wa mtoto kwa mzazi. Asikwambie mtu usahau. Nami siwezi kujifanya sijui kwamba ulingo wa ndondi umebeba dhulma hii tangu zamani. Mwaka 1910 bondia mzungu James Jeffries, aliyewahi kuwa bingwa, alitolewa katika mapumziko ya karibu miaka sita, akatangaza wazi kwamba anarudi kuonyesha mweupe ni bora kuliko mweusi. Tarehe 4 Julai, mjini Reno, Marekani, bingwa mweusi Jack Johnson akamshinda katika raundi ya 15. Usiku ule ule, katika miji mingi ya Marekani, watu weusi walishambuliwa na wengine wakauawa kwa sababu tu mtu wa rangi yao ameshinda. Na Septemba 1980, Mmarekani mweusi Marvin Hagler alipomshinda bingwa mzungu Mwingereza Alan Minter pale Wembley, London, kwa raundi tatu tu, alirushiwa chupa na makopo ya bia hata akaondolewa ulingoni amekingwa na watu wake. Minter alikuwa amesema kabla ya pambano kwamba hakuna mtu mweusi atakayemnyang'anya mkanda. Kwa hiyo uchungu wako una chimbuko, sikukatalii.

Lakini ustadhi yule hakukutibu uchungu. Amekupa dalili isiyosimama, tena ameivunja aya.

Surat Ar-Rum inasema Warumi wameshindwa, nao baada ya kushindwa kwao watashinda, "na siku hiyo waumini watafurahi." Sasa nani walikuwa waumini wa Makka siku zile? Wengi wao ni Maqureshi, Waarabu wa asili. Bilal alikuwa Mhabeshi. Warumi hawakuwa watu wao kwa nasaba, wala kwa lugha, wala kwa rangi. Walifurahi kwa kuwa Warumi ni watu wa Kitabu, wakati washirikina wa Makka walikuwa upande wa Wafursi (Waajemi) waliowashinda Warumi hao. Aya hii ni ya watu waliofurahi nje ya ukoo wao! Kuichukua ukaifanya hoja ya kushangilia damu ni kuigeuza nje ndani. Na ingekuwa ustadhi huyo ameendelea kusoma sura hiyo hiyo mpaka aya ya 22, angekuta Mwenyezi Mungu anazitaja tofauti za ndimi zetu na rangi zetu kuwa ni katika ishara Zake. Ngozi ambayo Mola ameiita ishara, sisi tunaifanyaje kuwa hati ya mashtaka?

Ama kauli kwamba aliyedhulumiwa haitwi mbaguzi, hii ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu ni tamu na ina nusu ya ukweli. Ni kweli Qur'ani imemruhusu aliyedhulumiwa kunena mabaya kwa sauti, katika Surat An-Nisaa, aya ya 148. Lakini ameruhusiwa kunena nini? Aseme: fulani amenidhulumu, amenila haki yangu, amenitukana. Amtaje mwenye kosa. Hakuruhusiwa kumtaja kila anayefanana naye. Na Surat Al-Maida, aya ya 8, imelifunga jambo hili kabisa: kuwachukia watu kusikupelekeeni kutofanya uadilifu. Aya haikukanusha kwamba kuna watu waliotukosea. Imetutaka uadilifu juu yao hao hao, sembuse juu ya bondia ambaye huenda wakati baba yako anaitwa "boi" alikuwa hajazaliwa. Sembuse juu ya ndugu yako aliyekaa nyuma yako!

Maswahaba walijaribiwa kwa jambo linalofanana sana na lako, na lilianza kwa pigo vilevile. Mtu wa Muhajirina, waliohama kutoka Makka, alimpiga mtu wa Ansari, wenyeji wa Madina waliowapokea. Huyu akaita: "Enyi Ansari!" Yule akaita: "Enyi Muhajirina!" Mtume (s.a.w.) aliposikia akauliza: wito gani huu wa kijahilia? Akasema: "Uacheni, maana unanuka." Tazama majina yenyewe. Muhajirina na Ansari ni majina ya heshima, Mwenyezi Mungu amewasifu nayo. Yalinuka pale yalipofanywa bendera ya kukusanya watu wapigane bila kuuliza nani mwenye haki. Basi ikiwa jina alilolisifu Mola linaweza kunuka, ngozi ambayo hatukuichuma kwa juhudi yetu itanusurikaje?

Tena rangi ni bendera ya uongo, na ndondi zenyewe zinashuhudia. Jack Johnson ambaye weusi walikufa kwa ajili ya ushindi wake, alipokuwa bingwa aliwakwepa mabondia weusi hodari wa zama zake. Sam Langford hakupewa nafasi ya kuugombea mkanda ule. Weusi wawili kupigania ubingwa wa dunia wa uzito wa juu kulitokea mara moja tu katika utawala wa Johnson, Desemba 1913 mjini Paris. Mapambano ya mweusi na mweupe ndiyo yaliyokuwa na fedha.

Na wewe najua unampenda Muhammad Ali. Nani kati yetu hampendi? Ndiyo maana nataka umtazame vizuri katika mambo yake na bondia mwenzake Joe Frazier. Ali alipozuiwa kupigana kwa kukataa vita vya Vietnam, Frazier ni miongoni mwa waliomsaidia: alimpa fedha na akamwombea arudishiwe leseni. Ilipofika wakati wa kupigana, Machi 1971, palikuwa na tatizo. Wote wawili ni weusi. Bendera ya rangi ingepandishwaje? Ikabidi mmoja apakwe weupe. Ali akamwita Frazier kibaraka wa Wazungu, yeye mtoto wa wakulima maskini wa South Carolina, na umati ukaamini. Kabla ya pambano la Manila, Oktoba 1975, akamwita gorila mbele ya waandishi wa habari, tusi lile lile ambalo wabaguzi wamewatupia babu zetu. Mtu mweusi, akipigania heshima ya weusi, akamwita mweusi mwenzake mnyama. Ustadhi wako atuambie: hapa nani ni mdhulumiwa asiyeweza kubagua?

Nayataja haya kwa moyo mzito, maana Ali baadaye aliondoka katika mafundisho yaliyowaita Wazungu mashetani, akaingia katika Uislamu wa Sunna, na mwaka 2001 akakiri gazetini kwamba yale maneno hayakumpasa. Nitarudi kwenye kukiri huko, maana kuna funzo lako.

Sasa hatia yako. Kumpenda bondia wa jamaa zako, kuona fahari watu waliodharauliwa wakithibitisha uwezo wao, hilo ni tabia ya binadamu na sioni dhambi ndani yake. Hata ile furaha ya ghafla iliyokupita moyoni mzungu alipoanguka, Mtume (s.a.w.) ametwambia kwamba umma wake umesamehewa yanayopita nafsini maadamu hawajayatamka wala kuyatenda. Wewe umeyatamka. Kisha, kelele za ukumbini zikiwa zimekwisha, umekaa ukayaandika. Ulimi unaweza kuteleza, lakini vidole vilivyochagua herufi moja moja havikuteleza. Na uliposema "damu yao ni moja" umemhukumu Muislamu kwa mwili aliozaliwa nao, na Surat Al-Hujurat imekataza watu kuwadhihaki watu wengine. Naam, ni dhambi, na ina haki mbili: ya Mwenyezi Mungu, hiyo utaitubia kwa kujuta na kuacha, na ya mja, hiyo haifutiki mpaka uende kwake.

Usikate tamaa. Swahaba Abu Dharr, ambaye hujafika wala sijafika kwenye vumbi la miguu yake, alimuaibisha mtu kwa mama yake, na baadhi ya riwaya zinasema mtu huyo ni Bilal. Mtume (s.a.w.) akamwambia: "Wewe ni mtu ambaye ndani yako mna ujahilia." Akauliza, hata katika umri wangu huu? Akaambiwa naam. Alifanya nini Abu Dharr? Miaka mingi baadaye alikutwa mahali paitwapo Rabadha amevaa vazi, na mtumishi wake amevaa kama lile lile. Alipoulizwa sababu, akakisimulia kisa hiki mwenyewe, cha aibu yake mwenyewe. Toba yake ilikuwa imeshonwa kwenye nguo, kila apitaye aione.

Basi nenda kwa ndugu yako. Usimtumie ujumbe. Ali aliomba radhi kupitia gazeti, na Frazier akalalamika kwamba lililoombwa radhi ni gazeti, si yeye, naye bado anangoja. Ilikuwa miaka 26 baada ya Manila! Mngoje ndugu yako nje ya msikiti baada ya Isha, akiwa peke yake, umpe mkono, umwambie: nilisema neno la kijahilia, nawe ulikuwepo, nisamehe. Usianze na habari ya baba yako. Ukianza nayo itakuwa unamtaka yeye akuonee huruma, na zamu hii si yako. Akikusamehe na mkakaa, siku nyingine mwambie ya baba yako yote, maana ndugu hustahiki kujua. Na kwenye lile kundi la simu ulikoandika, uandike huko huko kwamba umejirudi, wale waliosoma la kwanza walisome la pili.

Asipokupokea mara ya kwanza usikasirike wala usimwambie mtu kwamba "nimeshamwomba, amekataa." Huenda aliondoka kwa watu wake kwa ajili ya dini hii, na jamaa waliobaki nyuma wakamwambia kwamba huko hatakubaliwa kamwe. Wewe, bila kujua, ulikuwa shahidi wao. Mpe muda. Msogelee katika safu, mgonjwa akiwa mtembelee.

Ama baba yako, bondia hawezi kumlipia. Bondia anapigana kwa mkataba wake na fedha zake, na aliyemwita baba yako "boi" huenda usiku huo alikuwa amelala kitandani kwake hana habari. Deni lile liko kwa Mwenye kulijua jina la kila aliyelitamka neno hilo, siku, na mahali. Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba siku hiyo hata kondoo asiye na pembe atalipiziwa kwa mwenye pembe. Unachoweza kumfanyia sasa ni dua, na sadaka kwa niaba yake, na kuwasimulia wanao kazi aliyoifanya na jina alilopewa na wazazi wake, walijue na waliite.

Ustadhi aliyekujibu usimtangaze. Mpelekee haya kwa adabu, na akiwa na hoja kuhusu aya ya Warumi aniandikie, nitamsoma.

Wallahu aalam.