"Adui zenu" au "maadui wenu"?

SWALI: Ninaandaa somo la vijana kanisani juu ya kuwapenda adui, na nimechukua Mathayo 5:44: "Wapendeni adui zenu, waombeeni wanaowaudhi." Kijana mmoja anadai "zenu" ni kosa kwa sababu adui ni mtu, hivyo iwe "adui wenu" au "maadui wenu". Mwingine ameuliza hao "wanaowaudhi" wanamuudhi nani. Nisaidie.

JIBU: Acha "zenu" ilivyo. Kijana wako ameshika kanuni ya kweli, ila ameivusha mpaka. Adui ni kiumbe hai, kwa hiyo kitenzi, kivumishi cha sifa na kionyeshi vyote humfuata kama mtu: adui huyu amekuja, adui wakubwa wamekuja. Ndiyo maana mstari unaanza na "wapendeni", si "zipendeni". Vimilikishi ndivyo vyenye mambo yao. Nomino zinazotaja uhusiano wa mtu na mtu, kama ndugu, rafiki, mama, shemeji na jamaa, huchukua "yangu" katika umoja na "zangu" katika wingi. Hakuna anayeshtuka akisikia "ndugu zangu wamefika". Adui naye yumo katika kundi hilo. Daktari na askari hawamo, na ndiyo sababu tunasema "daktari wangu", si "daktari yangu".

Tazama mstari wa 43, unaotangulia: "Umpende jirani yako, na, Umchukie adui yako." Jirani na adui wamepewa kimilikishi kilekile. Kisarufi wote wawili ni watu wako, upende usipende.

Kuna faida nyingine ya "zenu". Neno "adui" halibadiliki katika wingi, kwa hiyo ukisema "adui wenu" msikilizaji hajui kama unamtaja mmoja au kumi. "Adui yenu" ni mmoja, "adui zenu" ni wengi, basi. "Maadui" nayo imeenea na siipigi vita. Ukiitumia, "maadui zenu" na "maadui wenu" zote utazisikia kwa wasemaji wazuri. Ila unaponukuu Biblia, nukuu kilichoandikwa.

Swali la kijana wa pili ni gumu zaidi, na ningependa kumpongeza. Kiambishi "wa" kinabeba mizigo mingi mno. Katika "waombeeni wanaowaudhi" kimetokea mara tatu: cha kwanza ni wao wanaoombewa, cha pili ni wao wanaoudhi, na cha tatu, kilicho katikati ya neno, ni ninyi mnaoudhiwa. Kwa umbo peke yake, hicho cha tatu kingeweza pia kuwa "wao", yaani watu wanaowaudhi hao adui. Muktadha unaikataa maana hiyo, lakini kijana hakukosea kuuliza. Katika Luka 6:27 wafasiri wa Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili tunayoinukuu hapa, waliongeza neno la kuondoa shaka: "watendeeni mema wale ambao wawachukia ninyi." Ukiwasomea vijana mistari hiyo miwili pamoja, swali litajijibu.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Hakikisha umeandika "waombeeni" kwa e mbili. Nimeona mara nyingi "waombeni adui zenu", na hapo maana imegeuka: waombeni ni kuwataka wakupeni kitu. E ya ziada ni ya kauli ya kutendea, ndiyo inayogeuza kuomba kuwa kuomba kwa ajili ya mtu.

Kauli hiyo ina ukali wake pia. Kuombea hakusemi kama kinachoombwa ni chema au kibaya. Mtu huombewa afya, na mtu huombewa mabaya. Waswahili tuna usemi "adui mwombee njaa", na kisarufi hauna dosari hata kidogo: mwombaji yupo, mwombewa yupo, na kitu kinachoombwa kimetajwa. Ukiuweka kando ya mstari wako utaona vinatumia kitenzi kilekile. Tofauti ni kwamba Mathayo hataji kitu, na kwa mazoea ya lugha, kuombea kusikotajiwa kitu huchukuliwa kuwa ni kwa heri. "Nakuombea" ni baraka hata pasipo neno la kuongeza. Anayetaka shari hulazimika kuitaja.

Kwa vijana, ningeutumia usemi huo moja kwa moja. Uandike, halafu chini yake uandike Warumi 12:20: "Adui yako akiwa na njaa, mlishe." Njaa ileile, adui yuleyule, ila kitenzi kimehama kutoka "mwombee" kwenda "mlishe". Hiki cha pili ni kauli ya kutendesha: kula, lisha. Sarufi yake inamtaka anayeambiwa awe ndiye mtendaji, kwani hakuna anayemlisha mtu kwa kutamani tu. Chakula hakina budi kutoka kwake. Kijana aliyekataa "zenu" mpe kazi ya kuvichambua vitenzi hivyo viwili mbele ya wenzake. Ana jicho la sarufi, na hapo litapata kazi ya haki.